Mafuta ya Ufuta na Mguu wa Bibi Alma

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa aproni nyeupe, ndoo, kipande cha sabuni na brashi ya kusugulia mgongo, nikaambiwa kwamba wazee wa ghorofa ya pili huogeshwa Jumanne na Ijumaa. Nyumba yenyewe ilikuwa Sundbyberg, jengo la matofali ya manjano karibu na reli. Walikaa humo wazee ambao hawakuwa wagonjwa wa kulazwa, ila hawakuweza tena kuishi peke yao. Ilikuwa Novemba, mwishoni mwa miaka ya sitini. Nilikuwa msichana wa Tanga, nimesoma shule ya msingi tu, tena mwenye haya kiasi kwamba nikiulizwa jina nilitazama viatu vyangu.

Vijana wetu hapa Stockholm huniuliza ninapitaje majira ya baridi bila ngozi kupasuka wala kikohozi kunikalia kifuani. Wengi wanataka jibu la kusimama mlangoni. Jibu ni refu, na limo ndani ya kazi niliyoifanya, kwa hiyo nimeamua kuliandika. Naandika polepole. Msomaji naye asiwe na haraka.

Kabla ya kuja huku nilikuwa nikimsaidia mganga wa Kihindi pale Tanga, mzee tuliyemwita Vaidya, maana ndilo jina la mtu aliyesomea tiba yao ya Ayurveda. Kazi yangu ilikuwa kutwanga tangawizi kavu, kuchuja samli na kupasha mafuta ya ufuta. Vaidya alinifundisha kwamba ubaridi, ukavu na wepesi ni ndugu watatu wa upepo, na kwamba mwili ukizidiwa na upepo, ngozi hupasuka, viungo hulia na usingizi hukimbia. Dawa yake ni kinyume chake: joto, mafuta, na kutulia. Kisha familia ya Kiswidi iliyofanya kazi Tanga ikanichukua nije kulea watoto wao. Watoto walipoanza shule, nikatafuta kazi nyingine.

Aliyenipokea alikuwa Mkuu wa Nyumba, mwanamke mrefu aliyevaa saa kifuani. Wakati ule Waswidi hawakumwambia mkubwa "wewe". Ulimtaja kwa cheo chake kana kwamba yuko chumba cha pili, naye alikujibu vivyo hivyo. Mimi nilikuwa Fröken Tatu, yaani Binti Tatu.

"Je, Fröken Tatu anaogopa uchi wa wazee?" aliniuliza.

"Hapana, Mkuu wa Nyumba."

"Basi Fröken Tatu anyanyue macho. Viatu haviogeshwi."

Majira yale ya baridi yalinishika vibaya. Hewa ya ndani, iliyokaushwa na vyuma vya joto vilivyo chini ya madirisha, ilinitoa damu puani. Midomo ilipasuka, visigino vikafanya nyufa. Nikakumbuka nilikotoka. Nilimwomba mwenye duka la dawa aniagizie mafuta ya ufuta, akaniletea chupa ya kahawia. Niliyachemsha kama Vaidya alivyonifunza: moto mdogo, mpaka tone moja la maji likidondoka ndani lilie, kisha unaepua na kuyaacha yapoe. Kila asubuhi niliweka chupa ndani ya bakuli la maji moto, nikajipaka kuanzia utosini hadi nyayoni. Kwenye viungo mkono huzunguka. Kwenye mifupa mirefu huenda na kurudi. Unasubiri robo saa, unaoga maji ya uvuguvugu, na badala ya sabuni unatumia unga wa dengu kidogo. Puani unapitisha tone moja kwa kidole cha mwisho. Nikaacha maziwa baridi na mkate mkavu wa jioni, nikanywa supu yenye tangawizi, bizari nyembamba na samli. Nikalala mapema. Baada ya wiki tatu pua ilinyamaza na visigino vikaanza kufunga.

Ndipo nikawatazama wazee wangu kwa jicho jingine. Tuliwaogesha kwa maji ya moto sana, tukawasugua kwa sabuni na brashi, tukawafuta hadi wakavu kama karatasi. Halafu tulishangaa kwa nini wanajikuna usiku kucha.

Aliyejikuna kuliko wote alikuwa Bibi Alma. Maisha yake yote alikuwa mpiga pasi katika dobi kubwa la mjini, na mikono yake bado ilijua kitambaa: ukimpelekea shuka alilipapasa kwanza, akakuambia limefuliwa vibaya. Kwenye muundi wa kushoto alikuwa na kidonda kisichofunga. Sista, yaani muuguzi wa nyumba, alikifunga bandeji kila siku, lakini ngozi ya pembeni ilikuwa kavu, Alma akaikuna, kidonda kikapanuka. Daktari alisema wazi: raundi ya Machi akikikuta vile vile, Alma atahamishiwa wodi ya wagonjwa wa muda mrefu.

"Huko mnalala wanane chumba kimoja," Alma aliniambia. "Hapa nina dirisha langu, nina ua langu chunguni, naona treni zangu. Nimehamahama tangu utotoni, mwanangu. Sihami tena."

Ijumaa iliyofuata nikaingia bafuni na chupa yangu. Nilikuwa nimefika magotini mwake mlango ulipofunguka.

"Fröken Tatu anafanya nini?"

"Nampaka mafuta, Mkuu wa Nyumba. Kabla ya maji, ili maji yasimkaushe. Kidonda sikigusi. Napaka pembeni tu."

"Atanuka kama samaki wa kukaanga."

"Mkuu wa Nyumba asijali," alisema Alma. "Samaki mwenyewe ni mimi, na sijalalamika."

Mkuu alinitazama mikono. Kisha akasema naweza kuendelea kwa Bibi Alma peke yake, hadi raundi ya Machi, Sista akiangalia. Kuanzia siku hiyo wenzangu wakapata la kunitania. "Tatu, leo unamwunga na bizari gani?" waliniuliza mezani. Nilitazama kikombe changu, lakini sikuacha. Nilimvalisha Alma soksi za sufu baada ya mafuta, kwa maana nyayo zenye mafuta zingeteleza kwenye sakafu ile nyororo ya linoleamu. Asubuhi nilimpa maji ya moto ya kunywa badala ya kahawa ya pili, akanitukana kwanza, akazoea. Kufika Februari alikuwa hajikuni tena, na Sista aliniambia kingo za kidonda zinasogeleana.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Tanga, taulo za mafuta tulizianika juani, ukutani, upepo ukizipitia. Sundbyberg mwezi wa Februari hakukuwa na jua la kuanikia kitu. Kulikuwa na kabati la kukaushia, refu kama kabati la nguo, linalopuliza hewa moto. Nilizifua taulo za Alma kwa maji ya uvuguvugu, nikazikausha kabatini, na kwa kuwa nilifunzwa unadhifu nikazikunja zikiwa bado moto, nikazipanga na kuzishindilia ndani ya kapu, kapu nikaliweka pembeni ya kabati. Saa ya kahawa ya alasiri tukasikia harufu ya kuungua. Nilipofungua chumba cha kufulia, moshi ulikuwa ukitoka katikati ya kapu. Nililimwagia ndoo mbili za maji. Taulo za juu zilikuwa nzima, za katikati zilikuwa nyeusi.

Mkuu wa Nyumba aliamini kabati limeharibika. Alilifunga kwa kufuli na kumwita fundi umeme. Hakuna aliyenitazama mimi. Hata mimi sikujua.

Nilimsimulia Bibi Alma, akaniuliza, "Ulizikunja moto?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na mafuta hayakutoka yote?"

"Hayatoki yote."

"Basi ni wewe, mwanangu. Dobini tuliyaona haya kwa aproni za wapishi. Kitambaa chenye mafuta ukikikunja na joto lake, joto linakosa pa kutokea. Linajila lenyewe mpaka liwake. Hata kiberiti hakihitajiki." Akanishika mkono. "Kwa kweli ningenyamaza. Fundi atabadilisha waya mmoja, mimi nitabaki na mafuta yangu, na wewe utazitandaza tu kuanzia sasa."

Nililiwaza hilo siku nzima. Nikisema, mafuta yatapigwa marufuku na mguu utarudi ulikokuwa. Nikinyamaza, siku moja mwenzangu atazikunja taulo kama nilivyozikunja mimi. Ghorofa ya pili ilikuwa na wanne wasioweza kutembea. Kesho yake asubuhi nikabisha hodi ofisini.

"Kabati ni zima, Mkuu wa Nyumba. Taulo za mafuta ndizo zilizowaka."

Alivua miwani. "Kwa hiyo ni yale mafuta."

"Mafuta hayana mikono. Aliyezikunja zikiwa moto ni mimi." Maneno hayo yalinitoka kabla sijakumbuka kutazama viatu.

"Mafuta yamekwisha kuanzia leo," alisema. "Fröken Tatu arudi kazini."

"Bibi Alma atahamishwa."

"Moto ukiwaka, Fröken Tatu atawabeba wale wanne kwa mikono mingapi?"

Nikatoka. Lakini njiani kwenda ghorofani nikaona kwamba swali lake lina jibu, ila si la mdomo. Nikaomba karatasi. Alasiri tatu mfululizo, baada ya zamu, nilikaa mezani kwa Bibi Alma nikiandika kwa Kiswidi kila hatua ya kazi yangu: joto la mafuta, mpaka wa kidonda, soksi, kisha taulo. Alma alinitajia maneno herufi kwa herufi, akinicheka. "Hata kuku, kwa makucha yake, angekuwa amemaliza kuandika," alisema. Nilichana karatasi nyingi. Iliyobaki ilisema kwamba taulo za mafuta zifuliwe kwa maji ya moto sana na sabuni ya kutosha, zisiingie kabatini kamwe, zitandazwe mojamoja kwenye migongo ya viti, na zisikunjwe mpaka zimepoa kabisa. Zilizoshiba mafuta zitupwe kwenye pipa la bati lenye kifuniko, nje.

Mkuu wa Nyumba aliisoma amesimama. Akachukua kalamu, akaongeza chini: "Ndoo ya maji iwe mlangoni." Akatia sahihi.

"Fröken Tatu anaandika polepole," alisema.

"Ndiyo, Mkuu wa Nyumba."

"Vizuri. Waandikao haraka huruka hatua."

Karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha kufulia, nami nikarudi kwa Bibi Alma na chupa yangu. Machi daktari akaja, akafungua bandeji, akabonyeza muundi kwa kidole gumba. Alma alikuwa ameshika mkono wa kiti kana kwamba kitahama bila yeye. Kidonda kilikuwa kimefunga, kimebaki alama ya waridi. Kilichokifunga ni kazi ya Sista. Mafuta yaliizuia ngozi isipasuke tena. Nasema hivi ili mtu asije akamwaga ufuta kwenye kidonda akasema Tatu ndiye aliyemwambia.

"Mnafanya nini hapa?" daktari aliuliza.

"Tunafuata utaratibu," alijibu Mkuu wa Nyumba, akanyoosha kidole kuelekea chumba cha kufulia.

"Basi abaki." Alma alikaa na dirisha lake mpaka mwisho wa maisha yake.

Baadaye nilihamishiwa nyumba ya wazee ya Hagsätra, na huko pia niliinakili karatasi ile. Kisha nikawa msaidizi wa majumbani Upplands Väsby, nikienda mlango kwa mlango na kapu langu. Wakati huo Waswidi walikuwa wameacha vyeo. Kila mtu alikuwa "wewe". Siku moja mwishoni mwa miaka ya sabini nilipewa anwani mpya, nikabisha, akanifungulia mwanamke mrefu aliyeinama. Alikuwa Mkuu wa Nyumba, mstaafu, mikono imepasuka kwa baridi.

"Niite kwa jina, Tatu," alisema. "Siku hizi hakuna vyeo."

"Nitajaribu, Mkuu wa Nyumba."

Akacheka. Akanyoosha mikono juu ya taulo, nikapasha chupa. Nilipomaliza hakuuliza kuhusu mafuta. Aliuliza, "Na taulo?"

"Nazitandaza, Mkuu wa Nyumba."

"Na ndoo?"

"Iko mlangoni."

Akafumba macho.

Nami nimestaafu siku nyingi. Natazama watu usoni sasa, kazi ilinifunza. Nimejifunza pia kwamba kumpaka mtu mafuta ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kilichobaki mkononi baada ya kumpaka: utakiweka wapi, na nani atalala karibu nacho. Kila asubuhi ya baridi najipaka miguu yangu mwenyewe, kisha nazitandaza taulo kwenye viti vyote vya sebuleni. Ndiyo maana vijana wanaokuja kuniuliza siri yangu hukosa pa kukaa. Wanasimama mlangoni na makoti yao, wakitazama saa. Nawaambia wangoje zipoe.