Mstari Uliorudi Nyuma

Mama mdogo wangu ana wivu, na wala hauonei haya. Kwa miaka kumi na moja alisoma mistari kwenye maabara. Huko mashine hugonganisha viini vya atomu, kiini kinachotokea kikazunguka kwa kasi kuliko pia ya watoto, kimevutika kama yai. Kikipunguza kasi hutoa mionzi hatua kwa hatua, kila hatua mstari mmoja kwenye karatasi. Yeye ndiye aliyeipanga mistari hiyo kama ngazi.

Kisha akaja binti mwenye shahada. Mama mdogo akambandika jina Bingwa, si kwa kumsifu. Mkuu wa maabara akampa Bingwa kiini kipya akichunguze. Mama mdogo akaachiwa mtungi wa naitrojeni baridi ya kupoza vipima mionzi.

“Mkuu anamchekea kama kapata mjukuu,” aliniambia nilipompelekea chakula.

Jumatatu nilimkuta anaitazama ngazi ya Bingwa ukutani. Akanijia anatabasamu.

“Kakosea! Kaipanga kwa ukubwa tu. Kiini kikizidi kasi, chembe mbili zilizoshikana huachana, na mstari unaofuata hurudi kuwa mdogo. Utaujua kwa kufifia. Hafifu ndio wa juu. Ijumaa wageni wanakuja, aumbuke!”

“Si umwambie?”

“Mimi? Mimi si mbeba mtungi tu?”

Siku tatu chakula chake kilirudi nusu.

Alhamisi, nikiwa nimeleta chakula, Bingwa alimwita. “Shikamoo mama. Hebu niangalizie, hapa juu pananisumbua. Nasikia wewe hukosei.”

Mama mdogo akasimama na mtungi wake mkononi, macho kwenye ngazi. Akautua.

“Huu umefifia kuliko huu. Upandishe juu, hata kama ni mdogo.”

Bingwa akaihamisha mistari ile miwili. Ngazi ikajikunja kidogo, ikakaa sawa.

Ijumaa wageni walipiga makofi. Bingwa akanyoosha kidole: “Aliyeuona mstari huu ni mama yule.” Wakageuka, wakamwona mwanamke mwenye mtungi mlangoni, wakampigia makofi mawili matatu, kisha wakarudi kumuuliza Bingwa maswali.

Tulipofika nyumbani mama mdogo akavua viatu, akaketi.

“Angenyamaza tu,” akasema. “Sasa hata kumchukia vizuri kanizuia.”