Mwamba Walikojificha Bibi Zake Mama Mkwe

Nilizaliwa Ukata, huko juu kwenye milima ya Mbinga, ambako maji ni ya kijito na mtoto akivuka kijito peke yake anasifiwa. Kisha nikaolewa na mtu wa ziwani, mwalimu mwenzangu, nikahamishiwa shule ya kijijini kwao, si mbali na Mbamba Bay. Nyumba yetu na ya mama yake ziligusana ua. Kutoka mlangoni kwangu hadi majini ni mwendo wa kutafuna kipande cha muhogo. Mwaka mzima nilikuwa sijawahi kuingia ziwani zaidi ya magoti.

Siku moja nilikuwa darasa la nne, nafundisha habari za Wangoni walivyovamia makabila ya huku zamani. Niliwaeleza watoto kwamba kwetu Umatengoni watu walikimbilia mapangoni wakaziba milango kwa mawe.

"Na huku kwenu hakuna mapango," nikasema. "Watu walijificha wapi?"

Darasa zima likanyoosha vidole dirishani. "Ziwani, mwalimu!"

Nikacheka, nikijua wananitania kwa kuwa mimi ni mtu wa milimani. "Ziwani wapi? Chini ya maji?"

"Kwenye mwamba! Ule pale!"

Mwamba ule niliuona kila siku. Umekaa mbele ya kijiji kama mgongo wa kiboko, na mikuyu michache imeng'ang'ania nyufa zake. Nilidhani ni wa ndege tu.

Jioni nilimkuta mama mkwe akianua usipa, wale dagaa wa huku, kwenye chanja. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Eti kuna watu waliishi kwenye ule mwamba?"

Akaweka ungo chini. "Kuna watu? Bibi yake mama yangu alizaliwa pale! Hujaambiwa? Mume wako anakufundisha nini huyo?" Akatazama ziwa kama mtu anayetazama jiko kuona kama moto umekolea. "Kesho Jumamosi, na ziwa limetulia. Twende."

"Na nani, mama?"

"Na mimi. Kwani kasia linauliza mwanamume?"

Mume wangu alipoambiwa alicheka. "Mama ananishinda kupiga kasia," alisema. "Wewe kaa katikati, usisimame tu."

Basi nikakaa katikati. Mtumbwi ulikuwa mwembamba kiasi kwamba niliogopa hata kupiga chafya. Mama mkwe alikaa nyuma, kanga kaifunga kifuani, anapiga kasia huku anaongea, na mimi mbele yake nakumba maji kwa kopo kama niliyeajiriwa kazi hiyo. Tulipofika mbali kidogo aliniambia nigeuke. Nikageuka polepole, na pale nikaiona milima yetu. Nilikuwa nimeishi juu yake miaka yote ile bila kuiona sura yake. Ilisimama nyuma ya kijiji, safu juu ya safu, ya kijani, kisha ya buluu, na ile ya mwisho imevaa wingu. Nilipiga kelele, "Kule ndiko kwetu!" Mama mkwe akasema, "Tikisa mtumbwi tena, utaenda kwenu kwa miguu."

Mwamba ulikuwa mkubwa kuliko nilivyodhani. Tulipoukaribia, furukombe akaruka kutoka kwenye mkuyu akilia, kichwa cheupe, mabawa mapana kama mkeka. Wanyama wawili wenye miili mirefu ya kahawia wakateleza kutoka kwenye jiwe, wakaingia majini bila sauti.

"Fisi maji," alisema mama mkwe. "Ndio wenye nyumba siku hizi. Hodi jamani, tumekuja kutembea!"

Tulipanda kwa kushika mizizi. Juu kulikuwa na sehemu tambarare, na juu ya jiwe lenyewe nikaona mabonde madogo, laini kama bakuli lililosuguliwa kwa mchanga, moja pembeni ya lingine.

"Walisagia hapa," alisema. "Weka mkono."

Nikaweka. Ulienea kabisa. Jiwe lilikuwa na joto la jua. Kuna mwanamke alipiga magoti pale siku baada ya siku mpaka jiwe gumu likakubali kuwa laini! Kwenye ufa tuliona vigae vya vyungu, kimoja kina michoro ya kucha ukingoni. Nilikishika, nikakirudisha palepale.

Mama mkwe alisimulia jinsi walivyoishi pale wamebanana, vibanda juu ya jiwe na vingine juu ya nguzo majini. Wanawake walivuka alfajiri kuchimba mihogo shambani, wakarudi kabla jua halijawa kali. Wavamizi walikuwa mabingwa nchi kavu, lakini mtumbwi hawakuujua.

"Mama," nikasema, "unajua mama yangu mzazi ni Mngoni."

"Najua sana! Siku ya posa nilimwambia mwanangu, huyu baba yake alijificha pangoni na mama yake ndiye aliyemfukuza, wewe unamwoa wa upande gani?"

Tulicheka mpaka furukombe akahama mti. Lakini kweli, nilikuwa nimesimama pale nikiwa na damu ya waliokimbia na damu ya waliokimbiza, nikila mihogo ya waliovuka maji. Moyo ulinidunda kwa furaha ambayo mpaka leo siwezi kuieleza vizuri.

Hapo nikaona moshi. Nguzo nene ya moshi mweusi ilikuwa inapanda kutoka katikati ya ziwa, inapinda, inatujia.

"Mama! Meli inaungua!"

Akageuka, akapiga kofi. "Kungu! Funga mdomo!"

Walikuwa wadudu, wadogo kuliko mbu, wasiouma, wengi wasiohesabika. Walitufunika. Jua likafifia, masikio yakajaa mvumo, mbayuwayu wakapita katikati yao kama mishale. Mama mkwe alikuwa ameshalowanisha kanga yake ya pili, anaipunga hewani kama anayecheza ngoma, na wadudu wananasa humo. Mimi nilifunika uso kwa mikono, nikarudi nyuma hatua moja, nyingine, na mwamba ukaisha.

Nikatumbukia ziwani.

Niliamini nimekufa. Kisha miguu ikagusa jiwe, maji yakiwa kifuani tu, na kwa mshangao nikainama nikafumbua macho humo ndani. Weupe wote wa mchana ulikuwa kule chini, na samaki, wale wanaoitwa wa mapambo, wa buluu kama sare za shule, wa njano, wenye mistari, wanadonoa mwani kwenye mwamba bila kunijali. Nilitoka kuvuta pumzi nikazama tena kwa hiari yangu. Mama mkwe alikuwa ukingoni ananyoosha kasia na kuniita mwanangu, mwanangu, na mimi napiga kelele, "Ngoja kidogo, mama, nawaangalia!"

Jioni ile alifinyanga kungu kuwa andazi jeusi, akalichoma. Lilikuwa na ladha ya usipa na udongo wa mvua ya kwanza. Nilikula, nikampigia mama yangu Ukata nikamweleza kila kitu, na likizo ilipofika akashuka kwa basi dogo kutoka Mbinga, akisema anataka kuuona huo mwamba.

Mama mkwe alimpokea kwa heshima zote, akamlisha samaki, kisha asubuhi akamwambia, "Mkwe wangu, wewe subiri hapa ufukweni kwanza." Akanipakia mimi, tukavuka. Tulipofika juu ya mwamba akasimama, mikono kiunoni, akapaza sauti hadi nchi kavu:

"Nyie Wangoni! Njooni basi! Ngao zenu zinaelea?"

Wanawake waliokuwa wanafua wakaacha nguo zao. Mama yangu, mtu mzima, muumini wa misa ya kwanza, akainua mwavuli wake kama mkuki na kujibu kwa Kingoni maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Ufukwe wote ukalipuka kwa vicheko na vigelegele. Walijibizana hivyo hadi sauti zikawakauka, kisha mama mkwe akafuta machozi ya kicheko, akashika kasia, tukarudi kumchukua.