Siku Tuliyovuta Beseni Hadi kwa Mama Furaha

Msinifundishe baridi. Enzi zetu, sisi tuliokuwa watoto hapa Saint Paul, tulikuwa tunangoja basi la shule kope zimeshikana kwa barafu, na bado tunacheka. Nasema hivi kwa sababu wiki mbili zilizopita Mama Furaha alitutoka, na hata kabla hatujapigiana simu kuambiana pole, ujumbe ukaingia kwenye grupu letu la WhatsApp: kwa sababu ya theluji, maombi ya Jumamosi yatafanyika mtandaoni, link itatumwa. Watu wakaweka vidole gumba. Mimi nikaandika, "Nitaenda kwa Furaha." Nikajibiwa, "Shiru, wacha ushujaa, barabara zimefungwa." Walionijibu ni watu wa rika langu, tuliolelewa nao kanisa moja. Haya, kama mmesahau, ngoja niwakumbushe.

Theluji ya wakati ule ilikuja kabla ya Novemba na haikuwa na haraka ya kurudi kwao. Asubuhi Mama alitupaka Vaseline usoni mpaka tukang'aa kama mandazi yaliyotoka tu kwenye mafuta. Juu ya soksi tulivaa mifuko ya mkate, kisha buti za kupewa kanisani, kubwa kiasi kwamba ulipiga hatua mbili ndipo buti nayo ikaanza safari. Tulikunywa uji tumesimama, macho kwenye televisheni, tukingoja jina la shule yetu lipite chini ya kioo kati ya zile zilizofungwa. Likipita tulipiga kelele hadi jirani wa juu akagonga sakafu. Shangwe hiyo haikudumu. Mama alituletea sepetu mlangoni na kusema, "Shule imefungwa, mikono haijafungwa."

Tukimaliza kusafisha ngazi tulikimbilia kilima cha nyuma ya maegesho. Wenzetu walikuwa na sledi za dukani, za kutelezea kwenye theluji. Mimi na dada yangu Wambui tulikuwa na beseni la kufulia, lile kubwa la bluu, tulilolitoboa ukingoni na kulifunga kamba. Lilizunguka likishuka, hukujua utafika ukiangalia wapi, na hao wenye sledi walipanga foleni kutuomba zamu. Tukirudi ndani, glavu zilikaushwa juu ya hita, na harufu ya sufi iliyolowa ikachanganyika na ya chapati. Hiyo harufu naitaka mpaka leo.

Sasa mtazameni mwanangu Ryan, miaka kumi na miwili. Kiti cha gari kinampasha joto makalio, na bado analalamika. Shule ikifungwa anasomea kitandani kwenye kompyuta, kavaa pajama. Nikimtuma afagie theluji mlangoni ananiuliza kama hakuna mtu wa kulipwa afanye kazi hiyo. Nampenda sana, lakini upepo wa Novemba tu unamlaza.

Basi nirudi kwa Mama Furaha. Alifika kutoka Kongo, kupitia kambi ya wakimbizi, akiwa na watoto watatu wadogo na bila mume, na majira yale ya baridi yalikuwa ya kwanza kwao. Furaha, kifungua mimba wake, alikuwa na miaka sita. Mimi nilikuwa na kumi. Theluji ilianza kumwagika Alhamisi na haikupumzika. Ijumaa akapigiwa simu kutoka Uvira kuwa mama yake mzazi amefariki. Wakongo wenzake walikaa ng'ambo ya mji na mabasi yalikuwa yamesimama. Jumamosi asubuhi alimpigia Mama yangu, akasema habari yenyewe kwa maneno machache, akakata.

Kwetu Nyeri na kwao Uvira jambo hili halina mjadala. Nyumba ya matanga haikosi watu, na mfiwa hashiki sufuria. Mama alikuwa ametoka zamu ya kutunza wazee huko Maplewood siku iliyotangulia na miguu yake ilikuwa imevimba. Hakurudi kitandani. Alisukuma chapati, akachemsha maharagwe, akajaza chai thermos mbili. Baba alikuwa amekwama kazini uwanja wa ndege, alikokwenda kwa basi, kwa hivyo gari lilikuwepo, ila milango yake ilikuwa imeganda.

Hapo ndipo Mama alipofanya kosa ambalo ni mtu wa kwetu pekee angelifanya. Alichemsha maji sufuria nzima akaumwagia mlango wa gari. Mvuke ulipanda, barafu ikaanguka, tukapiga makofi. Kabla hajaingia ndani kurudisha sufuria na kutoka, maji yale yalikuwa yameshageuka ganda nene toka dirishani hadi chini, na tundu la ufunguo halikuonekana tena.  Mama akalichukua beseni letu, akapanga vyakula ndani, akavifunika kwa leso yake ya kujifunga.

"Tutaenda na miguu," akasema. "Tulizaliwa nayo."

Mitaa minane. Theluji ilinifika mapajani. Mama alitangulia akikanyaga njia, Wambui akivuta kamba, mimi nikisukuma nyuma. Mzee mmoja Mzungu aliyekuwa akifukua gari lake alituuliza kama tuko salama. Mama akamjibu kwa Kiingereza kwamba tunaenda msibani. Mzee akalitazama lile beseni lililofunikwa leso, akavua kofia katika baridi ile, akainamisha kichwa. Alidhani tumebeba maiti! Wambui alicheka hadi akaangusha kamba. Mimi nilipofika mtaa wa tano vidole vya miguu sivisikii, nikaanza kulia. Mama hata hakugeuka. "Lia ukitembea," akasema. Nililia nikitembea.

Mama Furaha alifungua mlango akatukodolea macho. "Mama Wambui! Mulikuya na miguu? Mu hii neige yote, mu hii theluji?"

"Pole, mama," Mama akamwambia. "Pole sana."

Palepale mlangoni aliketi chini akapiga ukunga. Tangu simu ije alikuwa hajalia, maana watoto wangeogopa na hakuwa na mtu wa kuwashika. Sasa tulikuwepo. Wambui alimbeba mdogo, mimi nikamshika Furaha mkono, na Mama akavua buti akaenda kuwasha jiko kama vile ni kwake.

Chai ilipokwisha kumiminwa, Mama aliomba simu ya nyumba akaanza kupigia watu wa kanisa, mmoja baada ya mwingine. Sauti ilikuwa ya upole, maneno hayakuwa. "Mimi nimefika na watoto, na miguu. Wewe umekwama wapi?" Mnajua waliopigiwa ni nani? Mama zenu! Na walikuja. Wengine walisukumana magari, wengine walitembea wamejitanda mablanketi juu ya makoti. Kabla giza halijaingia buti zilikuwa zimejaa mlangoni zikamwagika hadi kwenye ngazi, na sisi watoto tulikaa mapajani mwa watu kwa kukosa sakafu. Waliimba kila mtu kwa lugha yake, na Mama Furaha katikati, akilia vizuri, kashikwa pande zote.

Kwa hivyo mliponiambia niache ushujaa, nilikasirika, na hasira haijaisha. Mama yangu amestaafu, yuko Nyeri, hayuko tena hapa awapigie. Jumamosi ya maombi nilitoka na Ryan. "Mom, it's literally a blizzard," akaniambia, eti ni dhoruba ya theluji. Nikamwambia avae. Tuliendesha polepole kutoka kwetu Roseville hadi barabara ilipofungwa, tukaacha gari kituo cha petroli, tukamalizia kwa miguu hadi kwa Furaha, huyohuyo wa miaka sita, sasa mama mzima, mamake amelala mochari. Ryan alianguka mara mbili na hakulalamika, na hilo naliandika kwa haki yake.

Tulimkuta ameketi sakafuni peke yake, laptop juu ya meza ndogo mbele yake. Sura zenu zilikuwa zimejaa mle, nusu mmezima kamera. Mlikuwa mnaomba kwa zamu na sauti zinakatikakatika. Tulivua buti, jozi mbili tu mlangoni, tukakaa naye. Enzi zetu sebule ile ingekosa pa kuweka hata kikombe, na siku ile ningeweza kulala chali nikanyoosha mikono nisimguse mtu.

Mmoja wenu akaniona. Akauliza, kwa furaha kabisa, "Shiru! Kwani barabara zimefunguliwa?"

"Hazijafunguliwa," nikamjibu, nikamsogelea Furaha.