Mtaa Usio na Mgonjwa

Dobi wa chumba cha mwisho alikuwa na kifua kilichopiga filimbi mpaka paka wa jirani wakahama. Miaka thelathini na pasi ya mkaa. Moshi aliomeza ungekamuliwa, ungefunika mji mzima mchana kutwa. Kutoka kitandani hadi mlangoni alikwenda kwa vituo.

Siku moja akaja msichana wa utafiti na makaratasi yake. Akaeleza kwa adabu: wanauliza watu wanaishije, wanakula nini, wanalala vipi, na mtaa utakaoonekana una shida zaidi ndio utakaopewa muuguzi. Dobi moyo ukamruka. Muuguzi! Si ndiye aliyekuwa akimwomba Mungu kila alfajiri?

Lakini msichana, kwa ugeni wake, akaweka kiti ukumbini, milango yote wazi. Na mlango wa pili alikaa mshonaji, hasimu wake wa siku zote, akichambua mchele, masikio yamesimama kama ya sungura.

"Mama, kifua kinakusumbua?"

Dobi akamtupia jicho mshonaji. "Mimi? Kifua changu chuma, mwanangu."

"Usingizi je?"

"Nalala hadi kitanda kinaniomba nishuke."

"Na chakula?"

"Mara tatu. Nikijisahau, nne."

Mshonaji akaguna. Zamu yake ilipofika, naye, ambaye macho yalishabaki kuona vivuli tu, akajigamba kwamba anatunga uzi sindanoni gizani. Ikawa hivyo mlango kwa mlango, nyumba kwa nyumba, mtaa mzima hakuna anayekubali kuumwa hata ukucha. Msichana akaandika yote bila kuinua kichwa.

Muuguzi akapelekwa mtaa wa ng'ambo ya soko.

Dobi alijikokota hadi huko, akiegemea kila ukuta. Muuguzi, mwanamke mpole, akafungua daftari.

"Mtaa wenu hauna mgonjwa, dada. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Nilidanganya. Yule mshona nguo alikuwa anasikiliza."

"Sasa mimi nifanyeje? Dawa nimepewa za watu wa hapa tu. Wakija tena kuuliza, waambie ukweli."

"Watakuja lini?"

"Baada ya miaka mitano."

Dobi akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkalisha kwenye ngazi za zahanati. Akabaki pale akitafuta pumzi ya kurudi nayo nyumbani. Jua lilizama hajapata hata ya kumfikisha sokoni.