Vitabu Vilivyogoma Kurudi

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru mimi nilikuwa mtu wa kadi. Nilifanya kazi katika chumba cha nyuma cha maktaba moja mjini Mombasa, nikiandika kwa mkono jina la kila kitabu kipya, mwandishi wake na mahali pake rafuni, kisha nikiitia kadi kwenye mtoto wa meza. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na hakuna aliyehitaji kuniambia. Wasomaji sikuwapenda sana. Walikunja kurasa, waliweka vitabu pasipo pake, na waliniuliza maswali kabla sijamaliza mstari.

Siku moja mkuu wa maktaba, bwana mnene mwenye sauti ya upole, akaniita. Sasa vitabu vilitakiwa vifike mashambani, na mtu wa kuvipeleka upande wa Kwale ni mimi. Niliona nimefukuzwa, nikamwambia hivyo waziwazi, maana ulimi wangu haukuwa na breki. Akacheka.

"Miezi sita tu," akasema. "Vitabu vyote vikirudi salama, utakirudia kiti chako. Nakuwekea."

Nikapanga chumba Msambweni kwa mama mmoja mjane aliyeuza mahamri. Nilikuwa na masanduku matatu ya mbao yenye kufuli. Moja nililiweka dukani Gazi, la pili kwa mwalimu wa shule Bodo, la tatu Ramisi karibu na kiwanda cha sukari. Kila wiki niliyazungukia kwa baiskeli nikiwa na daftari langu.

Siku ya kufungua sanduku la Gazi watu walijaa. Walikuja wavuvi na wake zao, na wazee wawili waliodhani tunapiga kura. Nikatoa hotuba. Nilichelea wasinielewe, nikatafuta mfano wa nyumbani.

"Kitabu," nikasema, "ni kama sahani ya jirani. Umeiazima. Ukishakula, mrudishie mwenyewe."

Waliitikia vizuri sana. Nikaona hapo nimepata, nikaupeleka mfano huohuo Bodo na Ramisi.

Kwa wiki mbili masanduku yakawa matupu. Kisha hakikurudi hata kitabu kimoja.

Nikamwendea mvuvi mmoja Gazi. Kitabu amekimaliza? Amekimaliza, alhamdulillahi, kizuri mno. Basi anipe. Inshallah, wiki ijayo. Ramisi, mkata miwa mmoja aliniona kwa mbali akaingia katikati ya miwa, nikasimama pale na baiskeli yangu mpaka nikachoka. Bodo, mwanamke mmoja alinikaribisha uji, akaniuliza hali ya mamangu, hali ya mama mwenye nyumba na hali ya baiskeli, hata nikasahau kilichonileta. Miezi miwili ikapita hivyo. Nilijiona nazeekea Msambweni huku mtu mwingine akiharibu kadi zangu.

Mwisho nikaketi ukumbini kumwandikia mkuu kwamba watu wa huku hawaaminiki. Nilikuwa naandika na kusoma kwa sauti, kwa hasira. Mama mwenye nyumba akaacha kukanda unga.

"Mwanangu, wewe si ndiwe uliyewaambia kitabu ni sahani?"

"Ndimi."

"Na kwenu Mombasa, sahani ya jirani hurudishwa tupu?"

Kwetu, kama kwao, sahani ya jirani hairudi tupu. Utatia hata maembe mawili, hata kipande cha mkate wa kumimina. Nimekua na desturi hiyo. Utotoni nilitumwa nayo nyumba kwa nyumba hadi nikaichukia.

"Bahari mbaya mwezi huu," akaendelea, "na mahindi hayajakomaa. Watu wana haya. Unataka wakutilie nini?"

Nilitahayari hata masikio yakanichoma. Nikaichana barua.

Kuwaambia sasa kwamba kitabu si sahani haikuwezekana. Wangeona nimeukataa ukarimu wao. Nikazunguka tena na hotuba ya pili. Sahani hii, nikawaambia, haitiwi chakula, hutiwa maneno. Kila mtu anieleze alichokiona ndani, nami nitakuwa nimeshiba.

Wakaja. Wallahi walikuja. Yule mkata miwa alinieleza kitabu cha ufugaji wa nyuki sura kwa sura, akaongeza kwamba mwandishi huyu hajawahi kuumwa na nyuki, ukimsoma tu unajua. Mwanamke wa Bodo alisema shujaa wa hadithi yake angemuoa binti jirani, asingepata tabu zote zile. Mzee mmoja wa Gazi asiyejua kusoma alisomewa na bintiye kitabu cha safari za mbali, akaja kubishana nami mpaka adhuhuri. Nikaanza kuandika maneno yao kwenye kadi, chini ya jina la kitabu, kwa mwandiko wangu uleule mzuri. Aliyekuja kuazima nilimsomea kadi kwanza, naye akachagua huku akicheka. Siku za Gazi nikawa naamka kabla ya kuamshwa. Nilikuwa na furaha, na jambo hilo lilinishangaza kuliko yote.

Miezi sita ikatimia. Mkuu akaja Msambweni, akaketi ukumbini kwa mama, akafungua daftari na kupitia jina moja baada ya jingine kwa ncha ya kalamu. Vyote vilikuwa vimerudi ila kimoja, kile cha nyuki.

"Hiki kiko wapi?"

Kilikuwa chumbani mwangu chini ya godoro, na aliyekiweka ni mimi, asubuhi ileile.

"Bado hakijarudi," nikasema. "Naona kitachukua muda mrefu."

Ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika kazi ile. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa ametoka kutandika chumbani kwangu, alimimina chai bila kuinua macho. Mkuu akalifunga daftari.

"Basi kiti chako itabidi nimpe mtu mwingine."

"Mpe," nikamjibu, upesi mno, hata mama akacheka.