Mama Esta Aliyekatazwa Kuota Jua

Simu iliita Evelina akiwa stendi ya Soni, chupa ya uji mkononi na khanga safi begani, akisubiri gari la kwenda hospitali. Aliyepiga alikuwa mdogo wake, Danieli, aliyelala huko akimuuguza mama yao.

"Dada, uko wapi?"

"Soni. Mwambie mama uji bado wa moto."

"Rudi nyumbani, dada."

"Nirudi kwani nimesahau nini?"

"Mama hayupo. Tangu saa tatu na robo."

Evelina akauliza hayupo amekwenda wapi. Aliuliza hivyo kweli, mwalimu mzima wa miaka hamsini na miwili, mwanakwaya aliyeimba kwenye misiba isiyo na idadi. Kondakta alikuwa akimhimiza apande. Yeye alikaa chini kando ya mtaro, akaikumbatia ile chupa, na kinywani halikuja hata neno moja la sala.

Mtu gani anakufa kwa kujikwaa sebuleni? Hilo ndilo lililomshinda kichwani. Mama yao, Esta, miaka sabini na tisa, alichuma chai kwa zaidi ya miaka arobaini katika shamba lake dogo upande wa Mponde, akipanda na kushuka miteremko ambayo vijana huipita wakishikilia vichaka. Mwaka mmoja wa mvua kubwa aliteleza na kikapu kimejaa, akabiringika hadi chini, akainuka akicheka na kuanza kuokota majani yake, kwa sababu siku hiyo ilikuwa ya kupima na kuuza chai. Mwanamke huyo ndiye aliyeinuka kwenye kochi, mguu ukanasa kwenye zulia, akaanguka kimo cha kochi tu. Evelina alikuwa jikoni. Alisikia mlio kama mtu kavunja ukuni. Mfupa wa paja ulikuwa umekatika karibu na nyonga.

Lile kochi alilinunua Danieli. Miaka mitatu nyuma watoto walikubaliana kwamba mama amefanya kazi ya kutosha. Wakamjengea nyumba ya matofali, wakamtafutia msichana wa kazi. Esta alishukuru, lakini kila asubuhi ukungu ukiinuka alitoka na kigoda chake, akakaa kwenye ukuta wa mashariki, miguu ameinyoosha, mikono wazi, akiota jua. Rafiki yake Fatuma, mchuma chai mwenzake wa tangu ujana, alikuja kukaa naye, wakawacheka wapita njia.

Jumapili moja, baada ya ibada, mwanakwaya mmoja alimwambia Evelina mbele ya wenzake, "Mwalimu, naona mama siku hizi unamwanika ukutani kama maharage. Ndani hamna viti?"

Watu walicheka. Evelina naye alicheka, lakini maneno yale yalimkaa. Kesho yake alikiingiza kigoda ndani.

"Acha nitoke kidogo tu, mwanangu," Esta alisema. "Mifupa inauma."

"Nje baridi, mama. Na watu watasema tumekutupa."

"Wakisema, si wataacha?"

Tangu hapo Esta alishinda kwenye kochi, blanketi magotini, mapazia yamefungwa kuzuia upepo. Siku moja, Evelina akiwapo, Fatuma alimtania, "Esta, umekuwa mwali? Wanakutoa lini?" Esta akajibu, "Muulize mwalimu." Wote watatu wakacheka.

Hospitalini daktari kijana aliiangalia picha ya mfupa, akatuma damu ipimwe Moshi. Majibu yalipokuja alimwita Evelina pembeni.

"Shikamoo, mama. Bibi huwa anatoka nje?"

"Marahaba. Hatoki, daktari. Tunamtunza vizuri sana."

Daktari aliinamisha macho kwenye karatasi. Akaeleza taratibu kwamba vitamini D ya bibi iko chini mno, kwamba mwili huitengeneza ngozi ikipata jua, na bila hiyo mifupa hukosa nguvu. Mzee naye huitengeneza kidogo kuliko kijana. "Siwezi kusema ni hilo peke yake. Kuna umri, kuna chakula, na kuna kukaa bila kutembea. Ila kukaa ndani hakukumsaidia."

Siku ya kumi na moja tangu alazwe, kabla hajafanyiwa upasuaji, nimonia ilimchukua Esta.

Ijumaa familia ilikaa kuandika wasifu wa marehemu, ule unaosomwa kabla ya maziko. Aliyepewa kuuandika na kuusoma ni Evelina. Alifika kwenye chanzo cha kifo, kalamu ikasimama.

"Andika alianguka," Danieli alisema. "Inatosha. Unataka kujivua nguo mbele ya usharika?"

"Nitasimama madhabahuni nifiche?"

"Siyo kuficha. Ni kunyamaza."

Fatuma alikuwa ameketi mkekani. Evelina akamgeukia, machozi yanatoka. "Mama Fatuma, mimi ndiye niliyemwingiza ndani."

"Najua. Na mimi nilikuona, nikatania tu," Fatuma alisema. "Ningekwambia umtoe mwenzangu nje. Nilikuogopa, kwa kuwa umesoma."

Danieli akatazama chini. Evelina akaandika.

Jumamosi kanisa lilijaa hadi nje. Alisoma kuzaliwa, ubatizo, ndoa, watoto watano, miaka ya chai. Kisha akasoma: "Mama alianguka akavunjika nyonga. Mifupa yake ilikuwa dhaifu, na vipimo vilionyesha amekosa vitamini ambayo mwili huipata kwa jua. Aliomba kutoka nje, mimi nikamkataza kwa kuogopa maneno ya watu. Namwomba Mungu anisamehe. Wenye wazazi, waacheni wakae nje." Yule mwanakwaya alikuwa benchi la pili, mkono mdomoni.

Walimbeba kwa zamu hadi kando ya shamba, alikolala mumewe. Tarumbeta zilipiga wimbo mmoja. Mchungaji aliomba, jeneza likashushwa kwa kamba, na Evelina akatupa udongo wa kwanza, baada yake Danieli, kisha wajukuu. Fatuma aliomba kimya, viganja wazi. Wanaume wakafukia kwa majembe. Saa kumi kasoro waliweka msalaba na maua, mchungaji akatoa baraka, watu wakateremka kwenda kula.