Paswadi ya Yeyo

Katika miaka yote niliyofanya kazi kwenye hospitali moja ndogo kule Kajiado mjini, kitu kilichonipandisha mori kuliko vyote hakikuwa vumbi, wala kurauka Kitengela kila siku kabla mtu hajawasha jiko. Kilikuwa paswadi. Haki ya Mungu, hata leo mtu akilitaja neno hilo mabega yangu yanapanda yenyewe.

Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kompyuta, na nilikuwa peke yangu. Printa ikikwama, ni mimi. Televisheni ya wagonjwa ikigoma, ni mimi. Siku moja niliitwa nikaangalie pampu ya maji kwa sababu ati ina waya. Lakini kazi yangu hasa ilikuwa seva, ile mashine iliyotunza orodha ya wafanyakazi wote: nani ni nani, yuko idara gani, paswadi yake ni ipi, na ukurasa upi anaruhusiwa kufungua. Orodha hiyo haikuwa na vitufe vya kubofya. Unaandika faili fupi, mistari minne au mitano kwa kila mtu, unaacha mstari mmoja mtupu kabla ya mtu anayefuata, kisha unaipa seva kwa amri. Ukisahau ule mstari mtupu, inadhani watu wawili ni mtu mmoja na inakukatalia kwa sentensi moja kavu. Haibembelezi wala haibembelezeki, na mimi nilikuwa naipenda kwa sababu hiyo.

Binadamu ndio walionishinda. Wodi ya akina mama ilikuwa chini ya muuguzi mmoja wa Kimaasai, mtu wa Bisil, aliyebakisha miezi michache astaafu. Hakuna aliyemwita kwa jina. Sote tulimwita Yeyo, yaani mama, hata daktari mkuu. Yeyo alikuwa wa kwanza kufundishwa kompyuta pale wodini, na paswadi yake aliigawa kama sukari. Mtu akikwama tu, "Ingia na yangu, mwanangu." Basi wodi nzima ikawa inaingia na ya Yeyo.

Nilikuwa naenda kumlalamikia.

"Takwenya, Yeyo," namsalimia kwa Kimaasai.

"Iko."

"Yeyo, paswadi ni kama mswaki. Haigawiwi."

Anacheka mpaka anashika meza. "Wewe Mkamba, mtoto akija kwangu na njaa nimwambie hii kibuyu ni yangu peke yangu?"

Woi! Nilirudi ofisini nikachapisha karatasi kwa herufi kubwa nyekundu, nikaibandika ukutani pale wodini: KILA MTU ATUMIE PASWADI YAKE. USIJE KUNIULIZA KABLA YA KUSOMA HAPA. Nilijisikia vizuri kwa siku mbili.

Sasa, Jumanne moja asubuhi, akaja binti mmoja aliyekuwa kwetu kwa mwaka wa mazoezi baada ya chuo cha uuguzi. Mtoto wa wakulima wa nyanya wa upande wa Loitokitok, mpole, sauti yake unaikaribia ndipo uisikie. Chuo chake kilitaka karatasi kutoka kwa mashine yetu, inayoonyesha akina mama aliowazalisha kwa mkono wake mwenyewe. Mwisho ni Ijumaa. Bila karatasi hiyo angerudia mwaka mzima, na nafasi ya kurudia hakuna aliyemwahidi.

Nikatafuta jina lake. Sufuri. Nikatafuta tena nikidhani nimekosea. Sufuri. Nikatafuta la Yeyo, maana mashine humwandikia kazi mwenye paswadi, na kurasa zikaanza kuteremka kwenye kioo mpaka nikachoka kuzitazama. Kumbe Yeyo alikuwa amezalisha mchana na usiku mwaka mzima bila kulala. Alizalisha mwezi aliokuwa likizo. Hata siku aliyomzika kaka yake, na mimi nilikuwa kwenye hayo mazishi, mashine ilisema alipokea watoto watatu.

Nililipuka. "Mwaka mzima! Ile karatasi ukutani mlifikiri ni mapambo ya Krismasi? Kwani mnasomaga nini huko chuoni?"  Yule binti machozi yalimtoka tu, akayapangusa kwa mkono wa sare yake.

Msimamizi wa hospitali akaitwa. Akasikiliza, akatazama saa, akasema, "Si ubadilishe tu jina? Hiyo ni kazi ya dakika moja."

Hata si dakika. Ningeandika mistari minne, seva ingegeuza kiingilio cha Yeyo, lile jina analoingilia, kuwa cha huyo binti, na kila mtoto aliyezaliwa pale angekuwa wake. Pamoja na wale waliozaliwa akiwa bado yuko shule ya msingi. Nikamwambia msimamizi hivyo, na sikumwambia kwa adabu.

Yeyo naye alikuwa ameshafika, amevuta kiti. "Andika ni zake," akasema. "Mimi naenda nyumbani kwa mbuzi zangu. Jina langu kwa hiyo mashine litanisaidia nini? Mpe mtoto."

"Yeyo, huu ni uongo!"

"Basi sema uongo kidogo."

Jameni. Nilitaka kulia mimi pia, kwa hasira. Nikaamua angalau nimwonyeshe huyu binti jinsi kitu alichoshindwa nacho kilivyokuwa chepesi. "Kuja hapa. Kaa. Kiingilio chako nilikitengeneza mwenyewe wiki uliyofika, na paswadi nilikupa. Hebu ingia." Akaandika jina lake, akaandika paswadi yake. Alizikumbuka zote mbili bila kusita. Kompyuta ikafunguka. Akabofya ukurasa wa wodi ya akina mama.

Huna ruhusa, ikasema.

Nikamwambia arudie. Huna ruhusa. Nikamsukuma pembeni nikaiuliza seva inipe orodha ya kikundi cha wodi hiyo, yaani watu walioruhusiwa kufungua ukurasa wake. Wale wa mazoezi waliofika pamoja naye walikuwa wameandikwa kwenye faili moja ya kuwatia kikundini, ya watu kumi na wawili, niliyoitengeneza mimi. Kati ya hao, kwenye kikundi walikuwamo wanne tu. Huyu binti hakuwamo.

Faili nilikuwa bado ninayo. Nikaifungua, na kabla sijamaliza kuisoma nilikuwa nimeshajua. Wa nne kwenye faili hakuwa wa mazoezi. Alikuwa muuguzi wa siku nyingi niliyemchanganya humo kwa haraka, na alikuwa ndani ya kikundi tangu zamani. Seva ilipomfikia ilinijibu kwamba tayari yumo, ikasimama hapo hapo. Ndivyo inavyofanya. Ikikwama kwa mmoja, wanaofuata haiwasomi kabisa, isipokuwa umeiagiza iendelee. Jibu hilo nililiona siku ile, nalikumbuka vizuri. Niliona "tayari yumo," nikajiambia sawa, wamo, nikafunga mashine nikakimbia Kitengela kwa sababu gari la maji lilikuwa linafika kwetu saa kumi.

Watu wanane walikuwa wamefungiwa nje mwaka mzima, na aliyewafungia ni mimi.

"Kwa nini hukuja kuniambia?" Nilimuuliza bado kwa ukali, maana sikuwa najua sauti nyingine ya kutumia.

"Nilikuja, madam." Alikuwa anaiangalia kibodi. "Mara mbili. Mara ya kwanza uliniambia nikasome karatasi. Mara ya pili uliniuliza kama nilisoma chuo ama nilipita tu nje nikaona jengo."

Sikukumbuka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba sikukumbuka kabisa, na bado nilijua ni kweli, kwa sababu maneno yenyewe yalikuwa yangu.

"Walikuja kwangu wanalia," akasema Yeyo. "Ningewaambia nini? Warudi kwako? Sisi wote tunakuogopa, mama." Aliniita mama, mimi niliye sawa na binti yake wa pili.

Nikamtoa yule wa nne kwenye faili, na watatu waliokuwa juu yake, nikaipa seva waliobaki. Ikawataja mmoja mmoja, wanane, ikanyamaza. Haikuchukua hata sekunde mbili.

Kisha nikaanza barua ya kwenda chuoni. Niliandika kwamba kulitokea hitilafu ya mfumo. Hitilafu ya mfumo! Mfumo ulifanya kazi yake na ukaniambia ukweli, nikaupuuza. Nikafuta, nikaandika kwamba kosa ni langu, nikaeleza lilivyotokea, nikaweka jina langu na namba yangu ya kitambulisho. Yeyo na yule binti walikaa Jumatano nzima na ratiba ya zamu na zile kurasa nilizochapisha, Yeyo akiwa na kalamu. "Huyu wa mapacha, ni wewe. Huyu aliyeletwa na pikipiki kutoka Bisil, ni mimi. Huyu aliyenitukana, ni wewe, mimi nilimshika tu mkono." Hakukosa kumbukumbu hata mara moja. Alhamisi tukatia sahihi orodha na barua sote watatu, zikaenda chuoni, na msimamizi akaniandikia onyo, likawekwa kwenye faili yangu ya utumishi. Sikubishana.

Jibu lilikuja wiki iliyofuata. Nilikuwa nimeinama juu ya kibodi, nikasikia "Madam," kidogo tu. Yule binti alikuwa amesimama nje ya kizingiti, karatasi ameishika kwa mikono miwili.

"Wamekubali. Sitarudia."

Nikafurahi kweli kweli. Nikainuka, nikamwambia aingie, akae, kuna chai kwenye thamosi. Nilijitahidi kuipunguza sauti, lakini nadhani ilitoka vilevile kama siku zote.

"Asante, madam. Niko tu sawa hapa."

Akabaki hapo hapo, miguu yote miwili nje ya mlango, mpaka nikamwambia anaweza kwenda.